Shukrani ya Mzee Shigela

Sogeeni, wajukuu zangu, niazimeni masikio. Zamani, zamani hizo ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na nchi ya Busalala, na katikati ya nchi palikuwa na chemchemi ya chumvi. Mwenye chungu aliteka, mwenye kuni alichemsha. Hakuna aliyeuliza ni ya nani, maana ilikuwa ya wote.

Ikaja kampuni ya wafanyabiashara, mkuu wao akiitwa Rubeya. Haikuja na mikuki, wanangu. Ilikuja na zawadi. Ikamjengea mtemi wa nchi nyumba mpya, mtemi akashukuru. Ikawavika wazee wa baraza nguo nzuri, wazee wakashukuru. Kila baraza lilipokaa, nyama ilitoka jikoni kwa kampuni, wakala, wakashukuru. Mwishowe wakawa wanasema yale tu ambayo Rubeya alipenda kuyasikia.

Mzee mmoja, Shigela, hakuvaa nguo ile wala hakuonja nyama ile. Lakini binti yake mdogo, Kabula, akashikwa na homa, akawa hatambui mtu. Rubeya aliposikia, akawatoa wapagazi wake wakambeba mtoto kwa machela mpaka kwa mganga wa mbali. Kabula akapona. Shigela alipokwenda kutoa asante, Rubeya alimwambia tu kwamba majirani husaidiana.

Mnaona? Hakuomba kitu. Siku ile hakuomba.

Kiangazi kilipofika, Rubeya akaleta ombi barazani: chemchemi iwe ya kampuni, na atakayeteka bila ruhusa afukuzwe nchini. Kwa desturi yao, sheria haikupita mpaka wazee wote wakubali. Mtemi akauliza, wakakubali mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Shigela. Rubeya akamtazama. Shigela akamwona tena mtoto wake juu ya machela.

Akasimama.

"Rubeya, mwanangu anapumua kwa sababu yako. Nakushukuru mbele ya watu, wala sitaacha. Nitakulimia shamba lako kila msimu mpaka nguvu ziniishe. Ila chemchemi si yangu. Siwezi kukushukuru kwa kitu cha watu."

Mtemi akainamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Hata mimi nilitaka kushukuru kwa kitu cha watu." Ombi likafa palepale.

Rubeya alikasirika. Akasema vema, shamba linamngoja. Mvua za kwanza ziliponyesha, Shigela akatwaa jembe, akaenda, akijua atalima peke yake. Akakuta shamba limejaa wanawake wa chemchemini, majembe yakipanda, majembe yakishuka. Akauliza nani kawaita. Bibi mmoja akamjibu bila kuinua mgongo.

"Wewe umemshukuru kwa jasho lako, na sisi tunakushukuru kwa letu. Shika mstari wako, mzee, jua linapanda."

Shigela akashika mstari, akalima huku macho yamemjaa machozi.

Wajukuu zangu, ukitendewa wema shukuru, tena shukuru sana. Lakini shukuru kwa kilicho chako. Kisa changu nimekitua hapa kama mzigo wa kuni. Mwenye bega na akibebe.