Mawe Meupe ya Bi Mwajabu

"Shoga, tangu bibi harusi aingie humu, umeona hata jani moja likichipua?"

Jirani aliuliza hivyo, na swali lake ndilo lililotuletea msemo mliousikia asubuhi, wajukuu zangu, mkataka kujua umetoka wapi: Jiwe halikai majini bure. Chanzo chake ni hiki.

Kule Tanga, Bi Mwajabu, Mungu amrehemu, alikuwa na tangi la kioo sebuleni, samaki wadogo ndani yake na mimea ya majini iliyotoka kwenye vijito vya milima ya Amani. Alilijaza maji ya mvua tu, na mimea ikastawi hata wageni wakasahau chai yao. Mwanawe Mbaruku alipooa, mama alitaka tangi lipendeze zaidi, akapanga ndani mawe meupe kutoka machimbo ya chokaa. Likang'aa kama limevaa kanzu ya Idi.

Haukupita muda mrefu, majani yakaanza kupauka na kudumaa. Ndipo jirani, Bi Chausiku, akauliza lile swali. Neno lile lilimwingia Bi Mwajabu. Akamkataza mkamwana wake, Zuena, kugusa mimea.

"Mkono wako mzito," alimwambia.

Mwisho akamwita Mbaruku: Ijumaa mkeo arudi kwao, akasomewe dua ya kuondoa mkosi. Na mke aliyerudishwa kwa ajili ya mkosi, nani atampokea tena?

Zuena hakulia mbele ya watu. Aliswali, akaendelea na kazi zake, macho wazi. Alhamisi alikuwa akifua, maji ya pipa la mvua yakamwishia. Akachukua ndoo ya maji ambayo mama mkwe alikuwa ameyapunguza kwenye tangi. Sabuni ikakataa kutoa povu, ikaacha utando tu. Zuena akasimama. Si maji ya mvua yaleyale? Yamekuwaje magumu kama ya kisima?

Akaingia sebuleni. Bi Mwajabu alikuwa amekaa na Bi Chausiku, wanakunywa chai ya ndimu.

"Mama, niruhusu nitoe jiwe moja."

"Si nilikukataza?"

"Ulinikataza mimea, mama. Jiwe haliwezi kunifia mkononi."

Bi Chausiku akacheka. "Mwache. Labda atalifuga."

Zuena akatoa jiwe jeupe tangini, akalifuta, akachukua kipande cha ndimu kwenye sinia ya chai, akalikamulia. Likatoa povu, taratibu, kama linanong'ona. Akachukua jiwe jeusi la mtoni lililokuwa tangini tangu zamani, akalikamulia nalo. Kimya.

"Hili jeupe linayeyuka, mama, kidogo kidogo. Chokaa yake imeingia majini. Mimea hii imezoea maji laini ya mlimani."

"Jiwe si limekaa tu," alisema Bi Chausiku. "Litafanya nini?"

Bi Mwajabu alikuwa akilitazama lile povu kiganjani mwa mkamwana wake. Mawe yale aliyaweka mwenyewe. Mwingine angesema ndimu imefanyiwa dawa. Yeye hakusema, na kwa hilo namsifu hadi leo, kama ninavyomsifu Zuena kwa kutazama wakati wenzake wananena.

"Jiwe halikai majini bure, shoga," alisema.

Akakunja mikono ya gauni, akayatoa mawe meupe moja moja. Akamkabidhi Zuena kopo la chakula cha samaki, akamwambia, "Kesho Ijumaa utawalisha wewe," akainua ndoo ya mawe, akatoka nje kuyatupa.