Neno Moja la Nakiete

Mbwambo aliporudi kutoka ng'ambo alikizungushia ukuta kisima cha kijiji, akatangaza sheria yake: ndani ya ukuta ni Kiingereza tu, na atakayeponyokwa na Kiswahili ataacha alichoshika mkononi. Kufikia Ijumaa alikuwa amekusanya ndoo arobaini na moja, na watu wana kiu.

Nakiete, mfinyanzi, alimwendea mwalimu. "Nifundishe neno moja la Kiingereza."

"Moja halitoshi hata salamu, mama."

"Nipe lile ambalo watoto wanakuchosha nalo."

"Hilo ni 'wai', yaani kwa nini. Uchongoe mdomo, kisha uuachie."

Kesho yake alisimama kisimani na mtungi. Mbwambo akamwambia kwa Kiingereza kwamba maji yale ni yake.

"Wai?" akauliza Nakiete.

Akamweleza kwamba baba yake ndiye aliyekichimba kisima.

"Wai?"

Akaeleza ukame wa zamani, mpaka akafika kwenye mawingu.

"Wai?"

Mbwambo alikitafuta Kiingereza cha mawingu, akakikosa. Jasho likamtoka. "Sasa habari za mawingu mimi nizijulie wapi, mama?"

Nakiete akanyoosha kiganja. Mbwambo akautazama mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameshika ufunguo wa lango.