Majivu katika Mstari wa Subilaga

"Mbegu ya kujaribiwa haitiwi majivu." Ndivyo Bibi Tumwitike alivyomjibu Lwitiko, mkwewe, aliyekuwa akiwasihi majirani wawafiche wazee wa ukoo ulevi wa mchumba wa binti yake mpaka posa ipokewe. Vijana waliokuwa wakipukuchua mahindi pale uani wakacheka, kisha wakamuuliza bibi yao mbegu na majivu vinahusiana nini na posa. Bibi hakucheka. Aliuweka ungo wake chini akawaambia maneno hayo yalitoka Ndembo, na yalitoka kwa machozi.

Mlimani Ndembo aliishi mjane aliyeitwa Subilaga. Binti yake wa pekee alifariki akijifungua, akamwachia mjukuu, Bupe, pamoja na mtungi wa maharage ya kitenge. Yaliitwa hivyo kwa sababu ya madoadoa yake ya zambarau. Yalikuwa makubwa, yakiiva upesi, na mchuzi wake mzito. Binti ndiye aliyekuwa akiichagua mbegu hiyo punje kwa punje kila msimu, na kila Subilaga alipotia mkono mtungini aliona kama ameshika vidole vya mwanawe.

Miaka ile udongo wa Ndembo ulikuwa umeingia uchachu. Mvua zilikuwa zimeuosha mlima mpaka rutuba ikatelemka yote bondeni. Maharage yaliota vizuri, lakini kabla ya kutoa maua yaligeuka manjano, na ukiyang'oa unakuta mizizi mifupi, minene, ya kahawia, kama vidole vilivyoungua. Watu walianza kula mlo mmoja.

Bwana shamba, kijana aliyeitwa Mwaisumo, akaja na aina kadhaa za maharage. Aliomba kipande cha shamba la kanisa, kile cha chini ambacho hata magugu yalikikataa. Kila aina ilipewa mstari wake, na wenyeji wakaruhusiwa kuleta mbegu zao. Subilaga alileta kitenge.

"Hapa hatutii samadi, hatutii chokaa, hatutii majivu ya kuupunguza uchachu," Mwaisumo aliwaambia. "Hatutafuti mbegu ya kupendeza. Tunatafuta itakayouvumilia udongo huu kama ulivyo."

Wanawake walipalilia kwa zamu. Zamu ya Subilaga ilipofika, alikuta mstari wake umeanza kugeuka manjano. Mistari mingine ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa mmoja wa maharage meusi madogo, magumu kama changarawe, ambayo hakuna aliyeyapenda. Subilaga akapiga magoti akashika jani moja. Lilikuwa limejikunja kama mkono wa mgonjwa. Alikumbuka alivyokaa kando ya kitanda cha binti yake bila chochote cha kufanya, na moyo wake ukakataa kukaa hivyo tena.

Asubuhi iliyofuata alikuja na kikapu. Juu kulikuwa na majani makavu, chini majivu ya jikoni kwake. Aliyamwaga mashinani mwa kitenge, akayafukia kwa udongo. Kila zamu yake alirudia. Mwenyewe hakuona kuwa anadanganya. Aliona kuwa anauguza.

Siku ya mavuno kijiji kizima kilishuka shambani. Mistari mingi ilikuwa imekauka. Meusi yalisimama na maganda yake ya wastani. Lakini kitenge! Kitenge kilikuwa kijani kibichi, maganda yamening'inia mpaka chini. Wanawake walipiga vigelegele. Mbonile, jirani yake Subilaga, alimkumbatia akamzungusha.

Mwaisumo peke yake alichuchumaa, akatazama, kisha akainua uso.

"Mama, hukutia kitu hapa?"

"Nitie nini, mwanangu?"

"Basi naomba tujaribu msimu mmoja zaidi," akawaambia watu. "Jambo hili linanishangaza."

"Njaa haingoji mshangao wako," mzee mmoja alimjibu, na watu wakamuunga mkono. Nani angetaka meusi yale yanayomaliza kuni, wakati kitenge kipo?

Watu wakauza mbuzi na kuku ili wapate mbegu ya kitenge kutoka vijiji vya bondeni, ambako bado kililimwa. Mbonile alikuwa na mtoto mchanga na mbuzi mmoja wa maziwa. Alimtoa mbuzi huyo. Jioni aliyorudi na gunia la mbegu alipitia kwa Subilaga.

"Dada, umetuokoa," alisema.

Subilaga alifungua mdomo amwambie. Akamtazama mwenzake anavyong'aa kwa furaha, akaufunga.

Mvua zilinyesha vizuri msimu ule, hata ukame haukuweza kusingiziwa. Maharage yaliota mlima mzima. Yakafikisha majani matatu, manne. Kisha manjano ikaanza upande wa juu ikashuka shamba kwa shamba. Maua machache yaliyochanua yalianguka. Subilaga alipita njiani akiinamisha uso, maana kila shamba aliloliona aliona mstari wake jinsi ambavyo ungalikuwa bila majivu.

Njaa ikaingia nyumba kwa nyumba. Wenye ndugu bondeni waliwapeleka watoto huko, na Bupe naye akapelekwa kwa baba yake. Mbonile hakuwa na wa kumpelekea. Maziwa yake yalikauka, na mbuzi hakuwapo. Mtoto wake alilia, kisha akawa hana nguvu ya kulia, kisha wakamzika.

Msibani wanawake walikaa sakafuni, wanaume nje kwenye nyasi. Mwaisumo naye alikuja. Subilaga alipomwona akiinama kumpa Mbonile pole, akainuka.

"Nilitia majivu," alisema.

Watu hawakuelewa. Akarudia kwa sauti. "Kwenye mstari wangu. Kila zamu yangu. Niliona yanakufa, nikayahurumia."

Mwaisumo ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Majivu ya jiko lako yanatosha mstari mmoja, mama. Mlima huu wote ungeupatia wapi majivu?"

Subilaga alikuwa akimtazama Mbonile, akingoja apigwe, au atukanwe. Mbonile alikuwa ameshika khanga aliyokuwa akimbebea mtoto.

"Uliyahurumia maharage," alisema. "Mimi nilipokuja kwako na gunia, hukunihurumia."

Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo hakula tena nyumbani kwa Subilaga, wala hakumzuia kupita mlangoni kwake.

Mwaisumo alikuwa amehifadhi meusi kidogo. Alirudi na mbegu hizo na aina nyingine mpya, wakalima upya kipande kile cha kanisa. Safari hii Mbonile aliomba awe mlinzi, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Alisimama kichwani mwa shamba kila siku ya kupalilia, akifunua kikapu cha kila mwanamke. Na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale, bila hasira: "Mbegu ya kujaribiwa haitiwi majivu."

Subilaga naye alipanda mstari wa kitenge, punje za mwisho za mtungi wa binti yake. Mbonile alifunua kikapu chake kama alivyofunua vya wengine, akamwambia maneno yale, akampisha. Mstari ukageuka manjano. Subilaga alipalilia pembeni yake, mikono mitupu, akautazama ukifa mpaka shina la mwisho. Kisha akaung'oa mwenyewe.

Meusi yaliota, yakazaa. Ndembo walichukua misimu kadhaa kuyasambaza, na wengine hawakuishi kuuona msimu wa shibe. Yanamaliza kuni hadi leo, lakini yapo chunguni.

Bibi Tumwitike aliuinua tena ungo wake. Vijana walikuwa wameacha kupukuchua. Lwitiko, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, aliketi polepole kwenye kizingiti.

"Sikukatazi kumpenda huyo kijana, mkwe wangu," bibi alimwambia. "Waache wazee wamwone alivyo. Mbegu ya kujaribiwa haitiwi majivu."