Rambirambi za Bibi Mkunga

Wapendwa, palikuwa na kanisa moja huko milimani, na kina mama wa kanisa hilo waliamua kuwaenzi wanawake waliofanya mambo makubwa zamani katika kata yao. Jambo jema, sivyo? Wakashona sare za kitenge, wakafundisha kwaya wimbo mpya, wakakaa kikao kuchagua nani atajwe.

Jina la kwanza halikuwa na ubishi. Lilikuwa la mkunga mmoja, mwanamke wa kwanza wa milima ile kusimama katika baraza la wanaume. Enzi hizo wajawazito walibebwa kwa machela kushuka bondeni, na wengine walirudishwa wamefunikwa shuka. Akasimama, binti mdogo hata hajaolewa, akawaambia wazee, "Tupeni kiwanja cha zahanati. Mkikataa, basi njooni ninyi mzalishe." Wazee wakacheka, kisha wakanyamaza, kisha wakatoa kiwanja. Zahanati ile ipo mpaka leo.

"Katibu," mwenyekiti akauliza, "huyu bibi bado yu hai?"

Sasa mtazameni katibu. Mama mchapakazi, mwenye moyo mzuri. Mikono iliyompokea duniani ilikuwa ya mkunga huyo huyo. Lakini miaka mingapi imepita hajapanda kile kilima kwenda kumsalimu? Alisikia tu gulioni kwamba bibi anaumwa sana, baada ya hapo hakuuliza tena. Aseme nini mbele ya wenzake? Aseme hajui?

"Alishatangulia, mwenyekiti."

"Una hakika? Maana kama yupo, tumtumie gari."

"Nina hakika. Mungu amlaze pema."

"Basi tutasimama dakika moja kumkumbuka."

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Katibu ndiye aliyesoma habari za mkunga, akazisoma vizuri mpaka watu wakafuta machozi. "Mwenzetu leo katuliza," mama mmoja akanong'ona. "Ngoja uone," jirani yake akajibu, "mwakani atautaka uenyekiti."

"Tusimame," katibu akasema.

Wote wakasimama. Naye akainua macho kutazama kama kuna aliyebaki ameketi, akaona mtu mlangoni. Bibi kizee, ameegemea fimbo, matope mpaka kwenye magoti, anahema kama mtu aliyeshuka kilima. Ndiye. Hakuna uso mwingine kama ule.

Mtazameni tena katibu. Afanye nini? Vijana hawamjui bibi, na wazee wanaomjua wamepangwa mbele, wameupa mlango mgongo. Wapendwa, dakika ile ilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kwa neno moja la kweli. Hakulisema. Aliinamisha kichwa pamoja na wengine, akaomba iishe. Na bibi, alipoona vichwa vyote vimeinama, akavua kilemba chake taratibu, naye akainama.

Dakika ikaisha. Kabla watu hawajaketi, fimbo ikasikika sakafuni. Bibi alikuwa anakuja mbele, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka, alisema kwa sauti kubwa kama wasemavyo viziwi.

"Poleni, wanangu. Poleni sana. Niliwaona mnapita kule chini ya kwangu na sare na masufuria, nikajua kuna msiba. Nikasema hata kama hawajaniambia, nitakwenda. Nani amefariki?"

Mzee mmoja wa mbele akageuka, akajifunika uso kwa kofia.

Bibi akadhani ni uzito wa majonzi. Akamsogelea katibu, akamkazia macho. "Kumbe ni wewe! Wewe uliyenisumbua ukatanguliza miguu! Umefiwa, mama?" Akafungua fundo la khanga yake, akatoa noti iliyokunjwa mara nyingi, akaiweka katika kiganja cha katibu na kukifumba kwa mikono yake miwili. "Ni kidogo, usinicheke. Marehemu ameacha watoto?"

Naona wengine mnatabasamu. Mimi nilipoifikiria habari hii nilishindwa kutabasamu, maana swali la bibi halikujibiwa pale ukumbini, na nadhani linatungoja sisi. Ameacha watoto? Ndiyo, bibi. Wengi mno. Ndio wale waliosimama wamevaa sare.

Sisi tunapenda kuwaheshimu mama zetu wakubwa wakiwa wamenyamaza. Aliyekufa hahitaji kuchotewa maji. Haulizi mbona hukuja. Tunampigia makofi na jioni tunarudi nyumbani tumeshiba pilau. Lakini yule aliyesimama mbele ya wanaume ili mama yako asifie njiani, au yule aliyeanzisha shule ambayo wewe ulijifunzia herufi, yuko wapi asubuhi hii? Unajua, au unakisia? Na kama umesema "alishatangulia", ni nani aliyekuambia?

Ndugu zangu, hii tuliyo nayo ni aibu, tusiipake rangi. Katibu yule alikuwa bado ameshika noti, na watu wote wanamtazama. Angeweza kufanya jambo moja tu, na ndilo tunaloweza kufanya sisi: kupiga magoti mbele ya mtu aliye hai, na kumwambia, "Mama, hakuna aliyekufa. Tulikusahau."