Bi Sange na Shahidi wa Ubwabwa

Haya, sogeeni. Mwenye mguu aukunje, mwenye mtoto ampakate, mwenye usingizi akalale kwao.

"Paukwa?"

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Pakawa foleni."

"Mbele yuko nani?"

"Mwenye pembe."

"Na nyuma?"

"Mwenye haki yake."

"Nimwache huko nyuma?"

"Mlete, Shangazi."

Haya, namleta.

Hapo zamani, si zamani sana kwa sababu viza zilikwishakuwapo, aliishi Bi Sange. Sange mnamjua: kinyama kidogo cha msituni, mkia kama wa panya, pua ndefu kama mrija. Na pua hiyo haitulii. Nyuku-nyuku, nyuku-nyuku, kutwa inanusa. Tena sange wana tabia moja: akioa, ameoa. Mke mmoja, mume mmoja, mpaka mauti.

Bi Sange aliolewa na Bwana Sange, fundi wa kufagia njia. Ukipita njia aliyoifagia Bwana Sange, hukuti jani, hukuti kijiti. Sifa zake zikavuka mto, zikafika nchi ya Ng'ambo, ambako njia zilijaa majani na wanyama wakubwa walikuwa wakiteleza wakivunjika. Wakamwita. Wakampa kazi, wakampa na kichaka cha kukaa.

Akamwambia mkewe, "Mke wangu, mimi natangulia. Wewe utanifuata."

"Nitakufuata lini?"

"Ukipata viza."

"Viza ndiyo nini?"

"Ni ruhusa ya kuja kukaa na mumeo."

Bi Sange akacheka. Hakujua kwamba jambo hilo lina ruhusa.

Bwana Sange akavuka. Haukupita muda, Bi Sange akajijua kuwa ni mjamzito. Na kila asubuhi, mume alishuka ukingoni mwa mto kule Ng'ambo akapiga mguu chini, tu-tu-tu, kama sange wanavyoitana. Maana yake, uko salama? Na mke akapiga mguu huku, tu-tu-tu. Niko salama. Mto ulikuwa mpana, hawakuonana. Walisikizana tu.

Lakini masika yalikuwa yanakuja. Masika yakifika, mto unafura na kunguruma, pantoni inafungwa kamba, na hata uruke juu ya ardhi kwa miguu yote minne, huko Ng'ambo hakuna atakayekusikia. Bi Sange akasema moyoni, mwanangu atazaliwa babake hana habari kama yuko hai au amekufa. Hapana. Akafunga kibwebwe, akaenda ubalozini.

Ubalozi wa Ng'ambo ulikuwa upande huuhuu wa mto, jumba la mawe. Lilikuwa na dirisha, na kwenye dirisha amekaa Kiboko. Ndiye karani wa viza za wake na waume. Dirisha lilikuwa kubwa, Kiboko mkubwa zaidi; mashavu yalibaki nje. Alikuwa na nguvu za kung'oa mlango, na njaa ya kula mlango huo akishaung'oa.

Nje ilikuwapo foleni ya kuzunguka jumba. Bi Sange akasimama nyuma ya Bi Kobe.

"Shikamoo, bibi. Umefika zamani?"

"Marahaba, mwanangu. Nilipoanza foleni hii gamba langu lilikuwa laini."

Zamu ya Bi Sange ikafika. Kiboko akamtazama kwa jicho moja.

"Unataka nini?"

"Nataka kumfuata mume wangu, Bwana Kiboko."

"Kila mtu ana mume. Ushahidi uko wapi?"

Bi Sange akatoa cheti chake cha ndoa. Zamani hizo vyeti viliandikwa kwenye jani la mgomba. Kiboko akakinusa, fuu, fuu. Akakionja, mnya, mnya. Akakimeza, gubu.

"Ushahidi hautoshi," akasema. "Lete mwingine."

"Bwana, umekula cheti changu."

"Nimekikagua. Anayefuata."

Bi Sange akarudi nyumbani. Mama yake akamwuliza, "Vipi?" Akasema, "Kimekaguliwa." Akalia kidogo, pua ikalowa, akaipangusa. Akafungua kasha, akatoa shada la maua alilovaa siku ya harusi, limekauka lakini bado linanukia. Akaenda. Foleni tena, jua tena. Zamu ikafika.

"Ushahidi uko wapi?"

Akampa shada. Kiboko akalinusa, fuu, fuu. Akalionja, mnya, mnya. Akalimeza, gubu.

"Ushahidi hautoshi. Lete mwingine."

Safari ya tatu alipeleka picha yao, yeye na mumewe, wamechorwa kwenye gome la mti. Hii Kiboko hakuila, gome lilikuwa gumu. Aliitazama tu.

"Hapa mnacheka," akasema. "Ndoa si jambo la kuchekwa."

Bi Sange akaenda kuchorwa upya na mama yake, mume akachorwa kwa kumbukumbu, wote wawili wamenuna. Akairudisha.

"Hapa hamcheki," akasema Kiboko. "Ndoa gani hii haina furaha? Sikiliza, mama. Mimi nataka shahidi. Aliyekuwapo harusini, akaona kwa macho yake."

"Mama yangu alikuwapo. Na shangazi zangu, na wajomba."

"Wote ni sange?"

"Wote, Bwana."

"Sange kwa sange hawashuhudiani. Nataka mnyama mzito, anayejulikana hapa ubalozini. Ijumaa Balozi mwenyewe atatoka kuyapitia majalada. Asiye na shahidi anapigwa muhuri wa kukataliwa. Na ukishapigwa muhuri huo, hodi yako ndiyo imekwisha, hurudi tena hapa." Akapiga mwayo. "Na ukija, usije mikono mitupu. Ushahidi wako mtamu."

Siku ile Bi Sange hakulia. Alitembea polepole njia nzima, pua yake nyuku-nyuku. Harusi yake ilifanyika chini ya kisiki. Mnyama mzito angeingia wapi? Hakuna mkubwa hata mmoja aliyehudhuria. Mkubwa pekee ambaye yeye alimjua duniani alikuwa Kiboko.

Akasimama katikati ya njia. Pua ikatulia. Na sange pua yake ikitulia, jua amefikiri jambo.

Alipofika nyumbani akamwambia mama yake, "Mama, tupike ubwabwa."

"Wa nini?"

"Wa harusi yangu."

"Mwanangu, harusi yako ilikwisha. Tumbo lako ndilo linalosema."

"Mama, bibi harusi hajafikishwa kwa mumewe. Imekwisha vipi?"

Mama akamtazama. Kisha akaenda kukuna nazi.

Wakapika, sange wote wa msitu ule. Wakapika ubwabwa wa nazi, mweupe, laini, wenye iliki. Wakaujaza sinia kubwa, wakaufunika kawa la ukindu, wakaubeba kichwani wajomba kwa zamu. Ijumaa asubuhi sinia likafika ubalozini. Harufu ikatangulia mbele, ikaruka foleni, ikaingia dirishani.

Kiboko akatokeza kichwa.

"Nini hiyo? Ushahidi?"

"Hapana, Bwana Kiboko," akasema Bi Sange kwa adabu. "Huu hauhusu ofisi. Ni ubwabwa wa harusi yangu."

"Ulete niukague."

"Ningependa sana. Lakini kwetu kuna mila. Bibi harusi akiwa hajavushwa kwa mumewe, harusi haijaisha. Na sinia la mwisho ni la shahidi wa harusi, hamna mwingine anayelila. Namsubiri huyo shahidi. Wewe hukuwapo, kwa hiyo nisamehe."

Mila hiyo ni ya tangu lini? Msiniulize mimi, mkamwulize Bi Sange.

Kiboko akameza mate, gubu. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Nani amekuambia sikuwapo?"

"Ulikuwapo, Bwana?"

"Nilikuwapo. Nilikaa nyuma."

"Kumbe. Basi tuulizane kidogo, kama ilivyo desturi ya hapa. Bwana harusi alivaa nini?"

"Alivaa nguo."

"Rangi gani?"

Kiboko akakuna shingo. "Ya... ya nguo."

Bi Sange akatikisa kichwa. "Ushahidi hautoshi." Akawageukia wajomba zake. "Inueni sinia."

"Ngoja," akasema Kiboko. "Ngoja, mama. Umri huu. Mtu anasahau. Nikumbushe."

Bi Sange akamkumbusha. Bwana harusi alivaa joho la majani ya mkwaju. Bibi harusi alivaa shada la maua. Kadhi alikuwa Kanga mzee mwenye kikohozi, akakohoa katikati ya nikahi mpaka ikabidi aanze upya. Bwana harusi alipoulizwa kama ameridhia, hakungoja swali liishe, akasema ameridhia, watu wakamcheka. Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Kiboko akayarudia, mara moja, mara mbili, jicho liko kwenye kawa. Safari hii hakukosea neno. Njaa ni mwalimu mkali.

Bi Sange akafunua kawa. Kiboko akatoka kupitia mlangoni, akainamia sinia. Mnya, mnya, gubu. Mnya, mnya, gubu. Foleni nzima ikatoka mahali pake ikaja kutazama. Bi Kobe naye akaja. Foleni yote ilikuwa huku, hakuna ambaye angempita.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Balozi. Balozi alikuwa Bi Korongo, mrefu, msafi, mwenye haraka. Akamkuta karani wake yuko nje, wali mpaka masikioni.

"Bwana Kiboko, unafanya nini hapa?"

Kiboko akanyanyua kichwa. Mdomo umejaa, hawezi kujibu. Bi Sange akajibu kwa niaba yake.

"Shikamoo, Bi Balozi. Ni sinia la mashahidi wa harusi yangu. Bwana Kiboko ndiye shahidi."

Bi Korongo akachukua jalada la Bi Sange dirishani, akalifunua. "Hapa ameandika kwa mkono wake kwamba ndoa hii haina shahidi. Bwana Kiboko, ulikuwapo harusini au hukuwapo? Kama hukuwapo, umekula chakula cha mashahidi ukiwa kazini, mbele ya macho ya watu, na nitataka kujua umekula nini kingine katika dirisha hili."

Kiboko akaitazama foleni. Foleni ikamtazama. Wengi walikuwa na vyeti vyao tumboni mwake. Kisha akatazama sinia, na nusu ilikuwa bado imebaki.

"Nilikuwapo," akasema.

"Bwana harusi alivaa nini?"

"Joho la majani ya mkwaju."

"Nani aliozesha?"

"Kanga mzee. Alikohoa katikati, akaanza upya." Kiboko sasa alikwisha kunogewa, kwa wali na kwa hadithi pia. "Na bwana harusi hakungoja swali liishe, Bi Balozi. Alikuwa na hamu yule. Tulimcheka sana."

Kule nyuma Mama Sange akageuza uso, mabega yanamtikisika.

"Huu ndio ushahidi," akasema Bi Korongo. "Ndoa hii ni ya kweli." Akachukua muhuri, akaupiga. Pa. Akaongeza, "Shahidi wa waombaji hawezi kukaa dirishani kuwahukumu. Kuanzia leo atakaa mwingine hapo."

Kiboko akanuna, lakini alikuwa ameshiba, na aliyeshiba hanuni kwa muda mrefu.

Sasa Bi Sange ana viza mkononi. Akashuka mtoni kuitafuta pantoni. Akaikuta imefungwa kamba. Mvua zilikwisha kunyesha huko milimani, maji yamepanda, yanapita na magogo. Akakaa chini juu ya matope. Alikuwa amechoka, mtoto anampiga teke, na ile karatasi haikujua kuogelea. Akapiga mguu, tu-tu-tu. Mto ukanguruma. Hakusikia jibu.

Nyuma yake ardhi ikatetemeka. Kiboko anateremka kwenda kujitupa majini, kama afanyavyo kila akila.

Bi Sange akasimama, akajifuta matope. "Bwana Kiboko, unaondoka bila kumaliza kazi ya shahidi?"

"Kazi gani tena?"

"Shahidi aliyekula sinia ndiye humvusha bibi harusi. Ni mila."

Kiboko akakitazama kile kinyama kidogo, tumbo mbele, pua juu, karatasi imeshikwa kwa mikono miwili.

"Huko Ng'ambo," akauliza, "kuna ubwabwa?"

"Mume wangu ni mwenyeji huko. Hawezi kumwacha mgeni aondoke na njaa."

Kiboko akapiga magoti. Bi Sange akapanda mgongoni, mama yake akamwombea dua, wajomba wakapunga mikia. Chubwi, wakaingia. Magogo yakaja, Kiboko akayasukuma kwa bega kama mtu anayesukuma pazia. Maji yakamfika Bi Sange kiunoni, akaishika viza juu ya kichwa. Hakufumba macho hata kidogo. Akauona ukingo wa Ng'ambo unakuja, na njia nyeupe iliyofagiwa mpaka majini, na kwenye ncha ya njia hiyo sange mmoja anapiga mguu chini kama mwendawazimu.

Bwana Sange hakungoja wafike. Alijitosa majini, na hakujua kuogelea. Ikabidi Kiboko amwokote naye.

Wakakaa wawili juu ya mgongo wa Kiboko. Kisha mume akaliona tumbo. Akalitazama, akamtazama mkewe.

"Nilitaka kukuambia," akasema Bi Sange, "lakini kwa mguu sikujua pa kuanzia."

Bwana Sange akaweka sikio tumboni, akalia, pua yake ndefu ikalowa yote.

Mtoto akazaliwa katikati ya masika, wa kike, na Kiboko akala ubwabwa wa arubaini. Siku hizi hafanyi kazi ubalozini. Anavusha mabibi harusi, na kila harusi ya nchi zile mbili anaapa kwamba alikuwapo, amekaa nyuma.

Ngano yangu imevuka, mie nimebaki ukingoni nimelowa. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe nitie sukari.

Na funzo lake ni hili: mwenye haki hana haja ya hila. Na akae kwenye foleni, atulie, asubiri, na haki yake itamjia yenyewe.

Unasemaje, Raya, wewe uliyekaa hapo mbele?

"Nasema, Shangazi, Bi Sange angetulia kwenye foleni, angezalia kwenye foleni."

Ni kweli, mwanangu. Lakini nililosema mimi ni funzo. Wewe hukuniomba ushauri.