Kindi Aomba Kuchunguza Chemchemi

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao kama sisi, Kindi aliishi na mwanawe Tunu kando ya msitu. Msitu ule ulikuwa mali ya wote, na chemchemi yake, bubu-bubu-bubu, iliwanywesha wote.

Basi maji yakageuka machungu. Watoto wakaanza kuumwa matumbo. Mtoto wa Digidigi akafa. Siku Tunu naye alipojikunja kitandani akilia, "Mama, tumbo linakata!", Kindi aliona dunia inamzunguka.

"Nitapanda hadi kwenye jicho la maji, pale chemchemi inapotokea," akasema. "Nichimbe, nionje, nijue kuna nini."

Lakini hakuna aliyechimba msituni bila ruhusa. Kindi akakimbia, tipu-tipu-tipu, hadi kwa Ndovu, msimamizi wa miti.

"Hodi, babu! Naomba ruhusa ya kuchunguza maji. Watoto wanaumwa."

"Pole sana, mjukuu wangu. Lakini siwezi kusema neno kabla ya Kiboko. Anza kwake."

Kiboko, msimamizi wa maji, akapiga mwayo, aaah! "Mimi? Nimtangulie Ndovu? Siwezi. Anza kwake."

Kindi akarudi kwa Ndovu. Akarudishwa kwa Kiboko. Hawakuwa wabaya, wanangu. Kila mmoja aliogopa kulaumiwa peke yake. Lakini Tunu sasa hakuweza hata kushika kikombe.

Kindi akakaa njiani akalia. Kisha akafuta machozi, akaenda uwanjani ambako wanyama wote walikuwa wakilamba chumvi, Ndovu upande huu, Kiboko upande ule. Akarukia kichuguu.

"Jamani! Nimekuja kumshukuru babu Ndovu. Amenifundisha kwamba mkubwa wa msitu huu ni Kiboko!"

Masikio ya Ndovu yakasimama, pwaa! "Nani kasema?"

"Wewe, babu. Umesema huwezi kusema neno kabla yake. Ila nimechanganyikiwa, maana babu Kiboko naye kasema hawezi kukutangulia. Sasa mkubwa nani?"

"Mimi!" akanguruma Ndovu.

"Mimi!" akafoka Kiboko.

"Na mkubwa humsubiri mwenzake?" akauliza Kindi.

"Simsubiri mtu! Nenda kachunguze!" akasema Ndovu.

"Mimi ndiye niliyeruhusu! Kachimbe utakavyo!" akadakia Kiboko.

Kindi akawageukia wanyama wote. "Mmesikia, jamani?"

"Tumesikiaaa!"

Fyuu! Kindi huyoo! Kwenye jicho la maji akakuta ukingo umeporomoka, na kichaka cha utupa, majani yale yanayolevya samaki, kimeangukia ndani kinaoza. Akavuta. Wapi! Akavuta tena, akateleza matopeni.

Nyuma yake ardhi ikatikisika, ndi! ndi! Wakubwa wale walikuwa wamemfuata, bado wakibishana. Walipoona uozo ule, wakaingia kazini. Ndovu akanyoosha mkonga, akang'oa kichaka, ng'wa! Kiboko akasukuma matope kwa kifua.

Maji yakarudi kuwa matamu. Tunu akanywa, akalala, na alipoamka akaomba karanga.

"Umetuchezea, mjukuu wangu," akasema Ndovu.

"Nimewachezea, babu. Nisameheni. Mwanangu alikuwa anakufa."

"Si ungetuambia!" akasema Kiboko.

"Niliwaambia, babu. Kila nilipokuja niliwaambia."

Kiboko akainamisha kichwa, wala hakupiga mwayo.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu: anayelinda mali ya wote asimfungie mlango anayetaka kuiponya.