Rufina na Utepe Uliofungwa Fundo

Siku ya mashindano ya mbio ya shule, uwanjani tulikuwepo mzee Lukindo na binti yake Rufina, Mwalimu Tabitha, mgeni wetu, wanafunzi wa shule nzima, na mimi na mwanangu mgongoni.

Mgeni alikuwa mwanariadha mstaafu, naye pia aliitwa Rufina. Zamani mzee Lukindo alimsikia redioni akishinda mbio, akafurahi mno. Binti yake alipozaliwa, akampa jina lile.

Lakini miguu ya Rufina mdogo ilikuwa mizito. Kila mbio alikuwa wa mwisho, na wenzake walimwita Kobe.

Mbio zilipokaribia, mzee alimvuta pembeni.

"Leo usikimbie, mwanangu. Utamwaibisha mwenye jina."

"Basi nivue hilo jina, Baba. Niite lolote."

Mgeni alikuwa nyuma yao, ameshika utepe wa kumalizia mbio. Alisikia yote. Kwetu watu wa jina moja huitana somo, naye akamwita hivyohivyo.

"Somo yangu, nenda kasimame na wenzako. Nitakusubiri."

Wakakimbia. Msichana wa kwanza akaukata utepe, watu wakashangilia. Wengine nao wakafika. Rufina alikuwa bado mbali, peke yake.

"Kobe huyo! Mleteeni majani ale!"

Mgeni akaokota vipande vya utepe, akavifunga fundo, akampa Mwalimu Tabitha ncha moja. Wakaunyoosha upya. Rufina akaupita kwa kifua, kisha akaangua kilio.

"Nisamehe, Mama. Nimelitia aibu jina lako."

Mgeni akacheka. "Jina langu? Baba yangu alimpenda bondia mmoja, Rufino. Nikazaliwa mimi, akaniita Rufina. Na mpaka leo sijampiga mtu hata kofi!"

Watoto wakacheka. Mzee Lukindo hakucheka.

"Na baba yako hakuona aibu?" akauliza.

"Alikuja kwenye kila mbio yangu, mzee wangu. Hata zile nilizoshindwa."

Mzee akavua kofia yake. Akaenda kumfuta binti yake jasho, polepole, mbele ya watu wote.

Mwaka uliofuata Rufina alikimbia tena, akawa wa mwisho tena. Aliyemshikia utepe alikuwa baba yake.

Funzo: Ukimpa mtoto jina la mtu unayemheshimu, mpende mtoto kwa mwendo wake mwenyewe, na umsubiri mpaka afike.